Somo la Ndoa: Chakula cha Jioni, ni Chakula cha Nani?

Leo tunaingia jikoni. Usicheke. Wengine watasema mambo ya sufuria si mambo ya kuzungumzwa na washauri wa ndoa. Lakini waulize wanaosikiliza kesi za wanandoa katika parokia na jumuiya ndogo ndogo. Mara nyingi ugomvi mkubwa ulianzia kwenye sahani, ukakaa hapo kimya mwaka mzima, ndipo ukatoka nje na kuitwa majina mengine.

Mume na mke, na sahani mbili

Tuwatazame mume na mke ambao unaweza kuwakuta katika ploti yoyote ya Kitengela. Ni mfano tu, kwa hiyo hatutawapa majina, lakini huenda ukawatambua.

Bwana ni Mmaasai, aliyezaliwa bomani karibu na Kajiado mjini. Anafanya biashara ya mbuzi, leo yuko mnadani, kesho yuko kwa wateja. Bibi ni Mluhya wa Kakamega. Anashona nguo katika kiwanda kimojawapo cha eneo la EPZ kule Athi River. Walifunga ndoa kanisani, wana watoto wawili, na wote wawili ni watu wazuri.

Bibi akitoka kazini hupitia sokoni. Hununua kunde na mrenda, huchambua, huchemsha kwa magadi kidogo, kisha husonga ugali mgumu. Jumapili akiwa na pesa hununua kuku wa kienyeji. Firigisi, ambayo kwao huitwa imondo, humwekea mume juu ya sahani, kwa maana kwao hiyo ni sehemu ya mwenye nyumba. Mke hampi mwingine.

Bwana huitazama sahani. Mboga huzisukuma kando na kusema, "Majani ni ya mbuzi." Kuku humgusa kidogo tu. Firigisi huiacha hapo hapo ilipo. Kisha huomba maziwa, huyamimina juu ya ugali, hula, na kushiba. Bibi hukaa akiitazama ile firigisi. Moyoni anajiuliza, "Nimemkosea nini mtu huyu?" Kwa mdomo anasema, "Kwetu ugali kwa maziwa ni chakula cha mtoto, au cha siku ambayo nyumba haina mboga. Majirani wakiingia watasema sikupikii."

Sasa tuvuke upande wa pili. Mwezi wa kwanza wa ndoa walisafiri kwenda bomani, yapata kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Mama mkwe aliwapokea kwa furaha. Akampa mkaza mwana chai nzito ya maziwa. Baadaye akamletea kibuyu cha maziwa lala, kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien mpaka maziwa yakapata harufu ya moshi. Watu wakanywa, wakashukuru, wakazungumza, wakaenda kulala. Bibi alikuwa bado anasubiri chakula. Usiku ule alimpigia dada yake simu kwa sauti ya chini: "Huku nimelala njaa." Asubuhi mama mkwe naye aliwaambia jirani zake, "Mke wa mwanangu nimempa maziwa ya ng'ombe wangu bora."

Msomaji, nani hapo amesema uongo? Hakuna. Mmoja alitoa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, na mwingine alilala bila kula. Yote mawili ni kweli.

Baadaye mama mkwe alipowatembelea Kitengela, bibi alimchinjia kuku, kama anavyopaswa kumfanyia mgeni wa heshima. Mzee wa watu hakumgusa. Katika desturi ya zamani ya Wamaasai, kuku na samaki havikuwa chakula, na wazee wengi bado hawavitaki. Bibi hakulijua hilo, na mume wake, aliyelijua, hakusema neno. Mama mkwe aliondoka akisema amepewa ndege. Mkaza mwana alibaki akisema amedharauliwa.

Jambo dogo linavyokua

Katika mwaka wa pili bwana alianza kupitia bucha ya nyama choma kando ya barabara kabla ya kufika nyumbani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kula akashiba bila kuulizwa maswali. Fanya hesabu pamoja nami. Nusu kilo ikigharimu shilingi 400, kwa siku 20 za mwezi ni shilingi 8,000. Huo ni mshahara wa siku nyingi wa mtu wa cherehani. Karo ya mtoto ikachelewa.

Nyumbani sahani ilifunikwa, ikapoa, ikamwagwa. Bibi akaanza kuwaza: mtu asiyekula kwake anakula kwa nani? Akamshuku mwanamke asiyekuwepo. Ikafika siku akaacha kumwekea chakula. Siku hiyo bwana hakuwa amepitia bucha, maana biashara ilikuwa mbaya. Alifika saa tatu usiku na njaa yake, akafunua sufuria, akaikuta tupu. Akasema, "Kumbe hapa mimi ni mgeni." Jumamosi iliyofuata bibi alifunga mfuko wake na wa watoto, akapanda basi la Kakamega.

Wazee walipoitwa, bwana alisema, "Mke wangu hanipikii." Bibi alisema, "Mume wangu ana nyumba nyingine." Hakuna hata mmoja aliyesema neno maziwa, wala neno mboga. Kama wazee wangewapatanisha juu ya mashtaka hayo mawili tu, wangerudi Kitengela, na baada ya wiki mbili wangeikuta sahani ile ile ikiwangoja.

Kwa nini sahani ina uzito hivi?

Chakula cha jioni hubeba vitu vitatu kwa pamoja.

Kwanza, hubeba shibe. Mwili hujifunza tangu utotoni ishara ya kusema, "Sasa nimekula." Kwa wengi wa magharibi ya Kenya ishara hiyo ni ugali. Anaweza kula wali sahani mbili akakuambia bado hajala. Kwa wengi wa Murang'a au Nyeri, githeri yenye viazi na kikombe cha chai ni mlo kamili. Mkamba ana muthokoi wake. Mtu wa Mombasa hutaka wali au chapati kwa mchuzi wa nazi, na ugali mgumu wa kila usiku humchosha. Mfugaji aliyekua kwa maziwa hushiba kwa maziwa. Shibe haibishaniwi kwa maneno. Huwezi kumwambia mtu, "Umeshiba."

Pili, hubeba heshima. Karibu kila kabila lina njia ya kusema kwa chakula, "Wewe ni mkubwa kwangu." Mluhya husema kwa firigisi. Mmaasai akichinja, kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe: wazee, wanawake, vijana, kila mmoja anajua fungu lake. Anayekataa fungu amekataa neno lililokuwa ndani yake, hata kama hakulisikia. Yule bwana hakujua kwamba ameacha heshima yake kwenye sahani. Alidhani ameacha kipande cha kuku.

Tatu, hubeba kumbukumbu. Mtu akitamani chakula cha kwao mara nyingi humtamani mama yake, boma lao, au siku za mvua. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, familia nyingi za Kajiado zilipoteza mifugo. Mtoto wa boma kama hilo akiomba maziwa usiku mjini, usidhani ni ulafi wala dharau kwa mpishi. Huenda anashika kilichobaki. Naye mke aliye mbali na Kakamega, akichambua mrenda saa moja usiku baada ya kusimama au kuinama kazini kutwa nzima, hachambui majani. Anaijenga nyumba ya mama yake ndani ya chumba cha kupanga.

Mji wa watu wa kila mahali

Zamani jambo hili halikuwasumbua wengi, kwa sababu watu walioana na majirani. Mke alitoka ng'ambo ya mto, na chungu chao kilikuwa kimoja. Leo sivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840, na Kitengela peke yake ilipita watu 150,000. Walikuja kutafuta kazi viwandani na Nairobi, au kutafuta kiwanja. Wamekutana kazini, katika matatu, katika kwaya. Wanaoana. Ni jambo jema. Lakini kila mmoja ameingia nyumbani na chungu chake kichwani, na mafundisho ya ndoa hayakugusa chungu.

Mji pia umebadilisha saa. Boma hula ng'ombe wakisharudi. Mjini mmoja anarudi saa kumi na mbili jioni na mwingine amekwama katika msongamano wa magari mpaka saa tatu usiku. Bei nazo zina neno lake. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200, na nyumba nyingi zililazimika kubadili chakula bila kukubaliana. Mke anayepunguza nyama si lazima awe mchoyo. Mume anayeuliza nyama iko wapi si lazima awe mkali. Pengine hakuna aliyemwambia bei.

Tufanye nini?

Haya hapa mambo saba. Yasomeni wawili pamoja.

1. Ulizaneni kabla ya kuhukumiana. Swali zuri ni hili: "Kwenu, mliposema leo tumekula vizuri, mlikuwa mmekula nini?" Na la pili: "Kwenu mgeni wa heshima hupewa nini?" Mwenzako akijibu, usicheke wala usiseme "hicho nacho ni chakula?" Maswali haya mawili yangeiokoa ile firigisi.

2. Acheni kutukana chakula. "Majani ni ya mbuzi" ni maneno manne tu, lakini yanaingia mpaka kwa wazazi wa mke. "Chakula cha mtoto" nayo inaingia mpaka bomani. Sema, "Mimi sijazoea mrenda." Hapo umezungumza juu yako mwenyewe, na hakuna aliyeumizwa.

3. Pangeni wiki. Chukueni karatasi. Siku mbili au tatu iwe ya upande mmoja, mbili au tatu ya upande mwingine, na siku zilizobaki iwe ya vyakula ambavyo wote mnavipenda. Hata katika siku za mmoja, mwingine awe na kitu kimoja mezani anachokitambua. Ugali uko kwa wote wawili. Wekeni mboga hapa na maziwa pale. Wala msisahau kuwa vyungu vyenu si maadui: magadi yanayolainisha mboga za bibi hutoka Ziwa Magadi, ndani ya Kaunti hii hii ya Kajiado.

4. Wafikirieni watoto. Hapa kila mmoja ana ukweli nusu. Maziwa hujenga mwili na mifupa. Mboga za kijani kama kunde, managu na terere zina madini ya chuma na vitamini ambazo maziwa hayatoi vya kutosha. Ugali peke yake hautoshi. Mtoto anayepata vyote viwili ana bahati kuliko baba yake na kuliko mama yake. Tena chai ya majani inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua ile chuma iliyomo katika mboga. Ni vizuri chai ingoje kama saa moja baada ya kula. Wapenda chai mtanisamehe.

5. Pesa ya chakula iwe wazi. Mkae mwisho wa mwezi, muandike: unga kiasi gani, maziwa kiasi gani, nyama mara ngapi. Anayekula nje aseme amekula nje, na pesa hiyo iandikwe pia. Ile shilingi 8,000 ya bucha ingeleta nyama nyumbani mara kadhaa kwa wiki, watoto nao wakaila.

6. Kila mmoja awafundishe watu wake. Mke asimfundishe mama mkwe, wala mume asimfundishe baba mkwe. Bwana ndiye aliyepaswa kusema, "Mke wangu, mama hali kuku, mtafutie nyama ya mbuzi." Na njiani kwenda bomani: "Mama atatupa chai na maziwa, na hicho ndicho chakula cha usiku. Tule kwanza Isinya." Maneno mawili hayo, na dada mtu asingepigiwa simu usiku. Mume anayenyamaza baina ya mama yake na mke wake amewaacha wote wawili wajikwae.

7. Anayetangulia kufika apike. Wanaume, hili ni letu. Mke anayetoka kiwandani na mume anayetoka mnadani wote wamechoka. Kijana wa Kimaasai aliyekwenda kula nyama porini pamoja na rika lake anajua kuchoma na kuchemsha supu. Mikono hiyo hiyo inaweza kusonga ugali. Ukionja ugumu wa mwiko saa mbili usiku, utaipokea sahani kwa macho mengine.

Ijumaa za Kwaresima

Tuseme neno juu ya Kwaresima, kwa sababu hapo nyumba nyingi hukwaruzana. Kanisa linatuomba tuache nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Halikusema lazima tule samaki. Maziwa na mayai hayakukatazwa. Basi mke aliyezoea samaki asimlazimishe mume asiyewahi kula samaki, akidhani bila samaki hakuna Ijumaa. Ugali kwa maziwa utatosha. Siku hiyo yeye atakula chakula cha mume wake bila kunung'unika, na huenda hiyo ikawa sadaka bora kuliko samaki.

Wanafunzi wa Emau walitembea na Bwana njia nzima wasimjue. Walimtambua mezani, alipoumega mkate. Mara nyingi hata sisi twatembea na wenzi wetu miaka mingi, na mahali pa kutambuana ni hapo hapo mezani. Ndiyo maana kula pamoja kuna maana kuliko kinacholiwa. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alikazia maneno matatu ya nyumbani: tafadhali, asante, samahani. Yajaribu juu ya sahani. "Tafadhali, leo naomba maziwa." "Asante kwa mrenda, nimeonja." "Samahani, sikujua firigisi ina maana gani."

Pale ambapo si chakula tena

Lazima tuseme na hili. Kuna nyumba ambako sahani ni kisingizio tu. Mume anampiga mke kwa sababu chakula kimechelewa au chumvi imezidi. Au mmoja anawanyima wengine pesa ya unga ili awatawale. Hapo ratiba ya wiki haitasaidia, wala asiambiwe mtu avumilie. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inagusa kipigo na pia kunyanyaswa kwa mambo ya pesa. Nenda kwa mtu unayemwamini, kwa padri, kwa chifu, kwa polisi, au piga namba 1195, ambayo hupigwa bila malipo. Kulinda uhai hakuvunji ndoa. Kinachoivunja ni mkono unaopiga.

Turudi kwa wale wawili

Utauliza, yule bibi alirudi? Katika nyumba za namna hii wengine hurudi, wengine hawarudi. Wanaorudi na kukaa ni wale ambao mmoja wao alipata ujasiri wa kulitaja jambo dogo lenyewe. Mume aliyesafiri mpaka Kakamega akakaa kwa wakwe, akaletewa kuku, na firigisi juu yake, akamgeukia mke wake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hii ina maana gani?" Amechelewa miaka miwili kuuliza, lakini ameuliza. Na akiila, hata kama koo linakataa, kila mtu nyumbani humo ataelewa amesema nini.

Maswali ya kuzungumza wawili, au katika jumuiya

1. Kwenu, chakula gani kilionyesha kwamba mtu anapendwa? Je, mwenzako anakijua?
2. Ni neno gani uliwahi kusema juu ya chakula cha kwao ambalo hujaliombea msamaha?
3. Katika wiki iliyopita mlikula pamoja mara ngapi, redio, televisheni na simu vikiwa vimezimwa?
4. Mama mkwe akija kesho, unajua atakula nini?

Azimio la mwezi huu: jioni moja kila wiki, kila mmoja ale chakula cha upande wa mwenzake, na kabla ya kusali sala ya mezani, mwenye chakula hicho asimulie nani alimpikia mara ya kwanza. Watoto wasikilize. Siku moja na wao wataoa na kuolewa, na chungu watakachobeba kichwani ni hiki mnachokipika leo.